Haramia Aliyeoa Kangemi

Nilipokuwa kijana nilifua nguo kwenye nyumba moja ya Wazungu Kileleshwa, wakati Kileleshwa ilikuwa bado miti na nyasi na mbwa wakali, si haya maghorofa ya siku hizi. Kazi yangu kubwa ilikuwa shuka. Wale watu walibadilisha shuka kama wenye jasho la sumu. Nilizichemsha kwenye pipa, nikazikamua na mpishi, yeye ameshika huku mimi kule, tunazinyonga kama shingo ya kuku, halafu nikazianika kwenye waya uliotoka mti mmoja mpaka mwingine. Mwezi wa tisa upepo uliingia chini ya shuka mbichi, shuka ikavimba, waya ukalia, na mimi nimeng'ang'ania pembe huku miguu inataka kuacha ardhi. Hakuna mtu alinifundisha uzito wa upepo. Niliujua kwa mabega.

Mama wa nyumba alikuwa na pegi za mbao za kubania nguo, alizotoka nazo kwao. Ikipotea hata moja jioni, alinipigisha magoti nyasini niitafute kwa mikono, na yeye amekaa verandani na chai yake. Hakuwa akitukana. Nikisimama kunyoosha mgongo, alikuwa anagonga kikombe kwa kijiko. Ting. Narudi chini. Hata leo, mtu akikoroga chai kwa kelele hotelini, magoti yangu husikia kabla ya masikio.

Lakini sikuchukua kalamu kuandika habari za pegi. Nilitaka kusema habari za maharamia, wale wa picha za zamani zisizo na rangi, na jinsi nilivyokosana na bwana harusi.

Jumapili zangu za ujana nilizimalizia mjini, kwenye sinema moja ya upande wa chini, ambayo sasa ni kanisa. Nimepita hapo juzi juzi, nikaona kijana wa suti akihubiri palepale kioo kilipokuwa. Sina neno. Nasi tulikuwa tukipiga mayowe mlemle. Tulikaa mbele kabisa, viti vya watu wa mishahara midogo, shingo imepinda kama ya kuku anayekunywa maji. Siku ya kwanza kuona meli ya maharamia ikifungua matanga, nilisema kwa sauti, "Hizo si ni shuka!" Watu wakacheka. Nikawaambia, chekeni, lakini ule upepo naujua, mwangalieni yule aliyeshika kamba, sasa hivi utamwinua. Na kweli ukamwinua. Mtu nyuma yangu akanigusa bega: "Wewe mwenye shuka, hebu endelea. Huyo wa kofia anasema nini?"

Ndivyo nilivyoanza kutafsiri. Shule niliacha darasa la tatu, na Kiingereza changu kilikuwa cha shuka na supu. Lakini mtu akichomoa upanga huhitaji kamusi kujua amekasirika. Nilisikia neno moja nikajua mengine yanapaswa kuwa nini. Nilipokosa, nilikosa kwa sauti kubwa. Na bahari sijaiona mpaka leo ninapoandika. Nilipotaka kuwaeleza watu mawimbi, nilisema ni kama mashamba ya chai ya Limuru yamepata wazimu. Hakuna aliyelalamika.

Sasa tuje kwenye hii miaka ya elfu mbili. Sinema za mjini zilishafungwa karibu zote, mimi nimezeeka, nachoma mahindi kando ya barabara pale Mountain View, na mahali pekee pa kuona picha ni banda la video huku Kangemi. Banda lilikuwa la mama mmoja mjane, mwenye ploti ya vyumba vya mabati. Kila chumba alipangisha isipokuwa kimoja kirefu, akaweka benchi, pazia zito mlangoni na televisheni juu ya kabati. Siku za kazi vijana waliangalia ngumi na bunduki. Jumapili mchana ilikuwa yangu. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo ya kuonyeshea, nikatafsiri picha za maharamia kwa watu waliochoka: mafundi wa mjengo, wasichana wa kazi waliopewa nusu siku, masoja waliokesha kwenye mageti ya Upper Hill. Mjane alinipa chai na kiti, nami sikutaka zaidi. Ile Jumapili ndiyo iliyokuwa yangu duniani. Mahindi ni ya kula tu.

Mgeni akiingia alikuwa lazima aulize, akiniita Guka, yaani babu, kama wote. "Guka, hii TV imeharibika? Rangi iko wapi?"

"Rangi ya nini?" namwambia. "Unataka kupaka nyumba?"

Niliwaeleza, na nitaeleza tena kwa yeyote anayezidharau zile picha. Kwenye picha ya rangi unaona Mzungu mwekundu na bahari ya buluu na unajua hiyo si yako. Kwenye hizi, watu wote ni rangi ya majivu. Haramia amechomwa na jua, amepakwa moshi wa mizinga, shati limechanika, anafanana na fundi aliyetoka kuchanganya simiti. Kisha angalia kisa chenyewe. Mtu alikuwa na kazi yake ya mikono. Gavana akamchomea nyumba, akamfunga mnyororo, akamkalisha kwenye kasia. Mtu akakata mnyororo, akachukua meli. Sasa niambie, nani hapa Kangemi alihitaji rangi ndipo aelewe?

Kulikuwa na kanda moja waliyoipenda kupita zote, na kisa chake ndicho hichohicho cha mnyororo na meli. Siku ya kwanza kuionyesha, meli mbili zilikuwa zimeshikana, steringi, yaani shujaa wa picha, amempanda gavana kifuani, upanga juu, halafu stima ikapotea, umeme wa mtaa mzima. Tulingoja gizani mpaka watu wakaenda zao. Kanda ikabaki ndani ya mashine, imesimama palepale.

Wiki ileile binti ya mjane aliolewa. Mpiga picha wa mtaa akaja akiomba kanda ya kunakilia harusi, na mjane, akili yote iko kwa wageni na masufuria, akamwambia achukue iliyo kwenye mashine. Mpiga picha akaziba kale katundu ka nyuma kwa karatasi ya gundi ili kanda ikubali kurekodi, akabonyeza. Hakurudisha nyuma. Kwa hiyo harusi ikaanza pale upanga ulipokuwa juu, ikafuta mwisho wote.

Akairudisha bandani, na sisi hatukujua. Jumapili iliyofuata nimeshika fimbo, benchi zimejaa, nasema, "Gavana, leo ni leo!" Upanga juu. Kioo kikatoa chenga nyeupe. Halafu, badala ya damu, gari lenye maua likasimama mbele ya kanisa hapa juu, na akina mama wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu.

Banda lilipiga kelele. Mjane alishika kichwa. Mimi, sijui niliitoa wapi, nikainua sauti: "Na baada ya kummaliza gavana, steringi akaosha uso, akavaa suti, akaja Kangemi kuoa!"

Basi nikaendelea. Bwana harusi akawa kapteni. Wale mama wa vitambaa wakawa mama za mabaharia, wanalia kwa furaha kwa sababu watoto wamerudi. Mchungaji nikamfanya haramia mzee aliyeokoka. Ilipofika keki ya ghorofa, nikasema hiyo ni ngome ya gavana, na bwana harusi alipokamata kisu kwa mikono miwili, msichana mmoja wa kazi kutoka Kileleshwa akaruka kwenye benchi: "Bado ako na upanga! Hajaachilia upanga!" Watu walitoka nje wakipangusa macho, na si kwa kucheka peke yake.

Tangu siku hiyo hawakutaka mwisho mwingine. Tuliionyesha tena na tena. Mjane alikuwa akisema, "Harusi ya binti yangu imehudhuriwa kuliko ya tajiri yeyote."

Aliyeumia alikuwa bwana harusi. Kijana msomi, karani kwenye ofisi moja Upper Hill, tai kila siku. Alianza kuitwa Kapteni na wauza mboga. Kisha asubuhi moja soja wa geti la kazini kwake, mtazamaji wangu mwaminifu, akampigia saluti mbele ya wakubwa: "Kapteni! Meli iko salama!"

Alinijia kwenye jiko langu la mahindi jioni ileile, tai mkononi.

"Guka, hii maneno iishe."

"Maneno gani, mwanangu?"

"Unajua maneno gani. Mimi si haramia. Mimi niko na heshima yangu."

"Haramia wangu pia ako na heshima," nikamwambia. "Kwanza nimekupatia meli. Baba mkwe wako alikupatia nini?"

Soja aliyekuwa akinunua hindi akaangua kicheko. Hapo nilimkosea adabu, najua, marehemu mume wa mjane hakuwa mtu wa kutajwa kando ya moto. Lakini kijana alikuwa amenifokea mbele ya wateja.

Mambo yalikaa hivyo mpaka miguu ya mjane ilipovimba, akashindwa kutoka nyumbani, na banda likaenda kwa mkwe wake, yuleyule bwana harusi. Akaleta televisheni mpya, spika mbili, na mashine ya sidii badala ya ile ya kanda. Jumamosi akaniita. Nilikuta amefungua pazia, jua limeingia ndani, benchi zinaonekana zilivyo chafu.

"Nimeipata picha yako," akasema. "Nzima. Na mwisho wake. Kaa uone."

Nikakaa. Akapeleka mbele mpaka kwenye meli mbili. Steringi yuko juu ya gavana, upanga juu. Nikasogea ukingoni mwa benchi kama mtoto. Upanga ukashuka, taratibu, ukarudi alani. Hakumuua. Akasafiri mpaka kwenye jumba kubwa la mfalme, yuleyule mfalme aliyemtuma gavana. Akavuliwa shati lake lililochanika, akavishwa koti lenye vifungo. Wale wenzake wa kasia wakasimama safu nyuma yake, wamechanwa nywele. Na steringi akapiga magoti. Mfalme akamgusa bega, akasema kitu, watu wakacheka kwa adabu. Mwisho, tukamwona amekaa kwenye kiti cha gavana. Kilekile.

"Unaona?" mkwe akasema. "Alisamehewa. Akapata kazi ya serikali. Huo ndio mwisho, Guka, si keki yangu. Kesho utatafsiri hivyo. Ile iko kwa kioo, ndio utasema. Akipiga magoti, sema amepiga magoti. Nitarekodi sauti yako, tuuze sidii mpaka mjini."

"Na nikikataa?"

"Kuna vijana wengi wanataka hiyo fimbo."

Alikuwa anakoroga chai wakati anasema, ting, ting. Nikainuka, nikatoka. Usiulize kwa nini.

Nilifikiri njia nzima mpaka nyumbani. Nisiwe mtu wa kudanganya: kile kioo kilikuwa na haki yake. Waliotengeneza picha walitaka magoti. Lakini watu hawakuwa wanatoka kwenye vyumba vyao kila Jumapili kuja kuona mtu akipewa kazi ya serikali. Hizi picha hazijakufa kwa sababu kuna ile saa moja katikati ambapo hakuna mtu juu ya mtu, kuna upepo na kamba na wenzako tu. Mwisho hubandikwa na wenye nyumba ili watu waende nyumbani wametulia. Sisi kwa bahati ya stima tuliukosa. Hatukuwahi kuudai.

Jumapili banda lilijaa hadi nje. Maiki ilikuwa kwenye kishikio chake, imewashwa. Nikaanza. Siku hiyo nilitafsiri kuliko siku zote, na walionisikia mpaka leo husema hivyo. Nilichoma nyumba, nikakaza mnyororo, nikaukata. Matanga yalipofunguka niliwaonyesha kamba kwa fimbo nikasema shikeni, na nakuapia wale watu walikunja ngumi. Meli zikashikana. Steringi juu ya gavana. Upanga juu.

Wakainama mbele wote, wanangoja gari la maua.

Upanga ukashuka. Mimi nikanyamaza.

Lile jumba likatokea. Spika zikatoa tarumbeta. Bado nimenyamaza.

"Guka," msichana wa Kileleshwa akaita, "anaenda wapi? Harusi iko wapi?"

"Sema!" mkwe akanifokea kutoka kwenye mashine. "Sema, inarekodi!"

"Mzee, huyo ni nani amevaa koti?" akauliza soja.

Steringi alikuwa anakaribia kiti cha mfalme, goti la kwanza limeanza kupinda. Nikainama kwenye maiki ili sidii yao isikie vizuri.

"Huyo simjui," nikasema. "Yule wetu alishaoa."

Nikaegemeza fimbo ukutani. Watu wakanipisha. Mkwe alikuwa akiniita nyuma, kwanza Guka, kisha mzee, kisha "wewe". Nikainua pazia. Nje kulikuwa mwanga mkali na nguo za wapangaji zimeanikwa ua mzima, nikapita katikati ya shuka mbichi bila kuinama, nikashika njia ya Mountain View. Kule bandani sijarudi.