Cheti Kilichokatwa Kichwa

Tarehe 30 Agosti 1965, mjini Leipzig, Kuruthum binti Thuwaini alikabidhiwa cheti cha ukunga chenye namba, muhuri na nembo ya dola ambayo leo haipo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kwao Unguja, baada ya mapinduzi, hakurudiki tena.

Desemba 1996, huko Ibra, Omani, cheti hicho kilikuwa juu ya meza ya Majid, karani wa kamati ya vyeti. Amri mpya ilisema kuanzia Januari asiingie mtu chumba cha kuzalishia bila ya cheti kilichothibitishwa na nchi iliyokitoa. Kuruthum alikuwa akiingia chumba hicho tangu 1973.

"Shikamoo, Bi Kuruthum." Majid aliigeuza karatasi huku na huku. "Wallahi, hii karatasi kichwa yake iko wapi?"

"Kimekatwa."

"Nani kakata?"

"Kaka yangu. Kwa mkasi."

Majid alicheka, halafu akaona kwamba mwenziwe hacheki.

Mwaka 1972, walipowasili Maskati, jeshi lilikuwa likipigana na wakomunisti kule Dhufar. Saud, kaka yake, alikifungua cheti akaona juu yake nyundo, bikari na masuke. "Wakiiona nyundo hii watatwambia na sisi ni wao," alisema. Akakata kipande cha juu chote, na jina la shule na namba vilikuwa humo humo, akakitia katika chetezo cha ubani. Mwaka uliofuata Kuruthum alipata kazi. Wakunga walikuwa haba, na hakuna aliyeuliza.

Kule Leipzig alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja. Huyo ndiye aliyemsimulia kuwa Aprili 1945 waliouteka mji walikuwa Wamarekani, si Warusi. Walikaa mpaka mwanzo wa Julai, wakafunga virago, wakawapisha Warusi, maana ndivyo walivyokwisha kupatana. Wakati huo walikuwa marafiki, wamepigana vita upande mmoja. Hata miaka mitatu haikutimia wakawa wanaelekezeana mitutu, na Leipzig ikabaki upande wa Warusi. "Tulilala kwa hawa tukaamka kwa wale," mjane alisema, akiendelea kumenya viazi. "Hakuna aliyekuja kutuuliza."

Kuruthum naye hakuchagua upande. Nafasi ya masomo iliyofika kwanza ilitoka huko. Rahila, aliyekuwa naye darasa moja Unguja, alingoja miezi minne zaidi akapata ya London. Cheti cha Rahila kilipitishwa na kamati kwa dakika kumi.

Kuruthum aliuandikia ubalozi wa Wajerumani Maskati. Jibu lilikuja, la adabu: shule ilifungwa 1991, majalada ya wanafunzi wa kigeni wa miaka ile hayajaonekana, tafadhali alete namba ya cheti. Alikaa siku tatu akijaribu kuikumbuka. Alikumbuka kuwa ilianza na saba.

Ijumaa baada ya sala Saud alikuja, akakaa mbele ya sahani ya tende asiguse hata moja.

"Mimi nilikuwa nakuhifadhi, Kuru."

"Najua."

"Ungepata kazi na nyundo ile?"

"Sijui, kaka. Wewe ulikwisha kuninyoa. Ungeniachia hata masikio."

Saud alitaka kucheka, akashindwa. Alisema atakwenda mwenyewe kwenye kamati akakiri kuwa ni yeye aliyekata.

"Ukakiri nini? Kwamba uliogopa? Wakati ule hata wao waliogopa."

Hata hivyo alikwenda. Majid alimtilia kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nakusadiki, ami. Lakini hapa hamna pahala ya kuandika hiyo." Akamwonyesha fomu. Kweli, hapakuwapo.

Jumamosi, tarehe 4 Januari 1997, Kuruthum alianza kazi mpya mapokezi, mlango wa pili kutoka chumba cha kuzalishia, ya kuwaandikia kadi wajawazito.