Hedfoni Zilizoanzisha Matanga

Afadhali nijisemee mwenyewe, maana kule Seme wako watu wanaoisimulia habari hii vizuri kuliko ninavyoijua mimi, na kila mwaka wanaitia chumvi kidogo: mimi ndiye niliyeanzisha matanga kwenye boma ambamo hakuna mtu aliyekuwa amekufa, boma lenyewe la watu niliotaka wanipe binti yao, na chanzo cha yote ni hedfoni. Chekeni mmalize ndio niendelee.

Ilikuwa miaka ile ya wokmani na kanda. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, kijana wa kupiga suruali pasi mpaka mstari unakata, na wokmani yangu haikubanduka kwenye mshipi hata nikienda kununua sukari. Shida ilikuwa zile hedfoni ndogo za sponji zilizokuja nayo. Upande wa kulia ulikuwa umekufa waya, kwa hiyo mwaka mzima nilisikiliza benga kwa sikio moja, na anayeijua benga anajua kwamba magitaa yale huzungumza, moja linauliza na lingine linajibu, sasa mimi nilikuwa nasikia maswali tu.

Mchumba wangu Akinyi alikuwa mshonaji pale soko la Kibuye. Kwao ni huko Seme, karibu na Kombewa, na mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga huko, mama yake alikuwa ananisikia tu (na alichosikia hakikumpendeza sana, aliambiwa mwalimu anatembea na nyaya masikioni). Basi baba yake akaugua ngiri, akaletwa hospitali ya mjini apasuliwe. Jumamosi asubuhi nikaenda kumwona, nikamkuta Akinyi nje ya wadi anatabasamu, mara ya kwanza wiki hiyo.

"Baba ameamka, ameitisha chai," akaniambia. "Daktari anasema Jumatatu anarudi nyumbani. Mimi siwezi toka hapa. Wewe nenda uambie Mama, hajalala tangu Jumatano. Na usichelewe."

Hebu fikiria bahati hiyo. Siku yangu ya kwanza kwa wakwe, na naenda na habari njema mkononi, kitu ambacho hata mjinga hawezi kukiharibu. Nilitoka pale nikiwa na furaha mpaka nikajiambia nastahili zawadi, na njia ya kwenda stendi inapita mbele ya duka la Bwana Salim.

Bwana Salim alikuwa mzee wa Kiislamu aliyezaliwa hapa hapa mjini, anauza redio na saa, na hakukuuzia kitu kabla hujakijaribu. Nilipomwambia nataka hedfoni za maana, za kutembea nazo, akanitolea tatu akazipanga juu ya kioo.

"Mwalimu, hii ya kwanza ni nyepesi, iko wazi. Utasikia muziki, na gari ikipiga honi utaisikia pia."

Nikajaribu. Zilikuwa nzuri, masikio yote mawili yanapata haki yake, lakini zilifanana mno na zile zangu mbovu na mimi nilitaka watu waone kwamba nimepanda cheo. Za pili zilikuwa za watu wa disko, nzito, waya wa kujisokota, na wokmani yangu haikuwa na nguvu ya kuzisukuma, mwimbaji akasikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya chungu. Za tatu zilikuwa nyeusi, kubwa, na mito ya ngozi inayomeza sikio zima, unazikunja zinaingia kwenye mfuko. Nilipozivaa duka likatoweka. Nilisikia gitaa la besi, nikasikia jibu la kila swali nililosikia mwaka mzima, nikasikia hata mwimbaji akikohoa kidogo kabla ya kuanza, kwenye kanda ambayo nilidhani naijua kuliko mama yake. Machozi yalinikaribia, sisemi uongo. Nikaona mdomo wa Bwana Salim unacheza, nikavua nikamuuliza alikuwa anasemaje.

"Nasema hii ni ya kukaa nayo nyumbani kwa kiti. Imefunga masikio yote. Ukiwa njiani itakuletea maneno."

"Nifungie hiyo," nikasema. Kisha nikamwambia asifunge, nitazivaa.

Niliteremka Kombewa kama saa saba hivi. Kutoka sokoni mpaka kwa kina Akinyi ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, njia nilikuwa nimeelekezwa, nikafungulia sauti mpaka mwisho nikaanza kutembea haraka haraka. Wimbo niliokuwa naupenda siku hizo ulikuwa wa mtu anayemlilia rafiki yake, "osiepna, iweya gi ng'a", yaani rafiki yangu, unaniacha na nani. Nikauimba. Nilikuwa nikiurudisha nyuma na kuuimba tena, na kwa kuwa masikio yamezibwa nilijisikia naimba kwa sauti ya chini na tamu (kwaya ya chuo cha ualimu ilinitoa siku ya kwanza, lakini hapo nilikuwa nimesahau).

Sasa kwa asiyejua mambo ya kwetu Waluo, nieleze. Mtu wetu akifia hospitalini, mara nyingi anayeleta habari hapigi hodi. Analia akiwa bado njiani, kilio kinafika nyumbani kabla yake, na walioko nyumbani wakikisikia wanakipokea na majirani nao wanakipokea, hakuna anayengoja kuuliza. Na mimi nilikuwa natoka Kisumu, ambako mwenye boma yuko kitandani amepasuliwa tumbo, nimeshika njia ya kwake, uso umejaa jasho, napaza sauti kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, unaniacha na nani.

Mama mmoja aliyekuwa anapalilia alitupa jembe akaweka mikono kichwani. Nikampungia mkono. Wanaume wawili waliokuwa wanatengeneza ua waliacha kazi wakaanza kunifuata, kisha wanawake watatu, na nilipogeuka nikaona nyuma yangu kuna kundi zima la watu. Nawaambia ukweli wangu wote, nilidhani wamevutiwa na hedfoni. Nikanyoosha shingo zionekane vizuri.

Nilipofika langoni niliona wanawake wanatoka mbio ndani ya boma, mmoja amejifunga leso kiunoni anajitupa chini, ndipo nikazivua. Nikasikia kilio mbele yangu na kilio nyuma yangu.  Nikawaza, masikini watu hawa, mzee yuko hospitalini na huku nyumbani wamefiwa, na katika boma hilo mtu pekee wa umri wa kufa ni nyanya yake Akinyi, yule wanayemwita Dani, ambaye Akinyi alikuwa amenisimulia habari zake mpaka nampenda bila kumwona. Na mkwe mtarajiwa akikuta msiba hasimami mikono mfukoni. Nikalia. Nililia kwa bidii, nikazunguka ile nyumba kubwa mbio kama nilivyoona wanaume wakifanya, natamka, "Dani, yaye, Dani umeondoka kabla hatujaonana," na machozi yalikuwa ya kweli. Wao wanamlilia Mzee, mimi namlilia Dani, tukaendelea hivyo kwa muda mzuri.

Nilikuwa kwenye mzunguko wa tatu mlango wa nyumba ndogo ulipofunguka, akatoka bibi kizee na fimbo yake.

"Ni nani huyu ananililia?" akauliza kwa Dholuo.

Nikasimama. Nikauliza kwa sauti iliyokwisha, "Kwani nani amekufa?"

 Yule mama aliyejitupa chini akainuka, vumbi tupu, akanishika shati. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ndiye mama yake Akinyi.

"Wewe ndiye umetoka Kisumu. Wewe ndiye umekuja unalia. Baba Akinyi yuko wapi?"

"Mama, Baba ni mzima. Ameitisha chai. Jumatatu anakuja nyumbani."

"Na njiani ulikuwa unalia nini?"

Nikamwonyesha hedfoni. Alizitazama, akanitazama, akakaa pale pale chini, akalia upya, safari hii kilio cha shukrani, na mimi nilisimama pale nikijua kwamba nimemtesa mwanamke ambaye hajalala siku tatu, na kwamba Akinyi nimempoteza. Aibu nyingine zinachekesha papo hapo. Ile haikuchekesha hata kidogo.

Kumbe jirani mmoja alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda kuwaambia watu wa kanisa, na wengine wameshaangusha mti wa kuni za matanga. Mama akajipangusa, akaniambia bila kupaza sauti, "Simama langoni. Kila mtu akija analia, mwambie wewe mwenyewe ulichofanya." Nikasimama mpaka jua linazama. Walikuja makundi kwa makundi, kila kundi nalikatiza kilio, nasema jina langu, nasema mimi ni mwalimu, nasema nilikuwa naimba. Wengine walinipa pole. Mzee mmoja aliniomba nimwimbie kidogo aamue mwenyewe, na nilipomwimbia akasema wale watu hawakukosea.

Dani ndiye aliyeniokoa. Aliniletea maji ya kunywa akanishika mkono. "Mjukuu wangu," akasema, "wengi huondoka bila kujua wataliliwa vipi. Mimi leo nimesikia yangu kwa masikio yangu, na umenililia vizuri kuliko watoto wangu wanavyoweza. Akinyi nimekupa. Huyo mama yake niachie mimi."

Jumatatu Mzee akaletwa, anatembea polepole ameshika tumbo. Watu walikuwa wengi, kila mmoja anataka kumgusa. Alikalishwa kwenye kiti, akasimuliwa yote, na alizuia kicheko kwa mikono miwili kwa sababu ya nyuzi za tumboni. Kisha akaniita.

"Lete nisikie hiyo kitu iliniua."

Nikamvisha, nikamwekea wimbo ule ule, nikabonyeza. Akafumba macho. Kidole kikaanza kupiga goti, kichwa kikaanza kutikisika, na kabla sijamwahi Mzee akafungua mdomo akaimba, rafiki yangu, unaniacha na nani, kwa sauti mbaya kuliko yangu. Mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, unga mpaka viwikoni, akamvua zile hedfoni kichwani akamtazama kama anahesabu viungo vyake.

"Baba Akinyi," akasema, "kama ni kuimba, imba nikikuona." Akaketi chini kando ya kiti chake akamshika mguu, ugali ukaungua huko jikoni na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Hedfoni nilimwachia Mzee siku hiyo hiyo. Tangu wakati huo sijavaa kitu masikioni nikiwa natembea kwa miguu kwenda kwa mtu, na sijaimba njiani, hata nikiwa peke yangu, hata nikiwa na furaha kiasi gani.