Karani wa Kamati ya Shamba

Tulipomzika baba kule Bahati, kamati ya mazishi ilikataa kufa. Sufuria hazijaoshwa, kaka yangu mkubwa, mwenyekiti, akatangaza kwamba sasa imekuwa kamati ya shamba. Mdogo wetu akawa makamu. Mimi nikabaki karani, maana kwetu kalamu ni yangu na maneno ni ya wanaume.

Sikulalamika, nilikuwa na hofu yangu. Ndoa iliponishinda nilirudi nyumbani, na baba akanionyesha mahali nyuma ya jiko la mama, nikajenga vyumba viwili vya mabati. Hakuandika popote. Nikajiambia, tukipata wakili wa maana sitafukuzwa.

Basi tukaanza kutafuta wakili wa mirathi, na aki, hata kuku wa Krismasi tunamchagua kwa makini zaidi. Wa kwanza, mwenyekiti alimpenda kwa vile alivyoomba pale kaburini. Tulipofika ofisini kwake mjini Nakuru akaomba tena, tukasimama mpaka miguu ikafa ganzi, halafu akatuambia yeye hushughulikia talaka tu. Si angesema kabla ya amina!

Wa pili alikuwa na viti vya ngozi na swali moja: lori linaweza kufika shambani? Mdogo wangu akajibu kwa furaha kwamba hata trela linafika. Mama akaninong'oneza, "Huyu ni broka wa mashamba. Twende."

Wa tatu alikuwa mwanamke, ofisi yake juu ya duka la dawa za mifugo. Mwenyekiti hakumtaka, ati mwanamke atazidiwa na kelele za kortini. Lakini magoti ya mama yalikuwa yamechoka na ngazi za mawakili. Aliketi, akakataa kuinuka, na hivyo ndivyo tulivyompata wakili wetu.

Akachukua barua ya chifu, ile inayotaja wote walioachwa na marehemu. Akaisoma mara mbili, akanitazama.

"Na wewe ni nani?"

"Karani," nikajibu.

"Wa nani?"

"Ni mtoto wangu wa pili," mama akasema, kwa ukali.

"Humu hayumo. Chifu alitoa wapi haya majina?"

Kaka akaanza kuchunguza dari. Chifu alikuwa ametuambia tulete orodha, yeye atapiga muhuri. Kaka alitaja, mimi nikaandika. Alimtaja mama, akajitaja, akamtaja mdogo wetu. Nikauliza kama kuna mwingine, akasema hakuna. Nikapiga mstari chini, tena kwa rula, nikafunga kalamu.

Woi! Nilimkasirikia kaka hadi masikio yakawaka moto. Lakini mwandiko ulikuwa wangu, na huo ndio ulioniuma zaidi. Miezi yote hiyo nilikuwa nikiogopa mtu wa kunitoa kwenye shamba, na nilikuwa nimejitoa mwenyewe, kwa hati nzuri.

Wakili akanisukumia karatasi safi. "Andika upya, mrudi kwa chifu."

Kaka akakohoa. "Sawa, basi jiweke hapo mwisho."

Nikamwandika mama, nikamwandika yeye, halafu nikajiandika mimi, mahali pale pale nilipozaliwa. Nikachukua rula, nikamtazama mwenyekiti.

"Kuna mwingine?"

Mdogo wangu akainua mkono haraka, kama yuko darasani. "Mimi bado!"