Mifugo Iliyokula Mwanga

Mwaka 1954 Kokwijuka, mjane wa Kilutheri wa Kibeta, Bukoba, aliajiriwa kutunza matope. Mwajiri wake, Bwana Pembridge, alikuwa Mwingereza aliyechunguza viumbe wasioonekana kwa macho. Alichota matope kwenye kinamasi kando ya ziwa, akayatia katika chupa kubwa kumi na mbili pamoja na maji na yai bovu, akaziziba na kuzipanga barazani. Baada ya wiki chache maji yakawa ya zambarau. Hao ni bakteria, akamweleza. Wanaishi kwa mwanga na kwa ile hewa inayonuka ya mayai. Kokwijuka alitakiwa kuzigeuza chupa kila asubuhi ili kila upande upate mwanga.

Alitaka kujua mwanga unaliwaje. Alielewa upesi, maana mwezi ule walikuwa wakijenga kanisa, na wanawake walijipanga mlimani wakipokezana mawe mpaka kwa fundi. Ndani ya kila bakteria, Bwana Pembridge alisema, mna chembe nyingi za rangi zinazodaka mwanga. Hazijengi kitu. Zinapokezana tu ile nguvu, mpaka iwafikie mafundi wachache walio katikati, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kisha Bwana akaenda kwao likizo ya miezi sita, na karani wa sensa ya mifugo, Kagaruki, akabisha hodi.

Alikuwa na fomu. Aliuliza wanafuga nini, naye Kokwijuka, asiyejua kusema uongo, akajibu kuwa ni bakteria. Karani akauliza kama wanakula majani. Akaambiwa hapana, wanakula mwanga. Idadi yao? Hawahesabiki. Kagaruki akaandika "wengi", na kwa kuwa alionekana mtu msikivu, Kokwijuka akamsimulia habari za zile chembe.

Karani akainua kalamu. "Ndani ya kila mmoja wamo wengine?"

"Zimo chembe nyingi, Karani. Mamia."

Akaandika: Wote wana mimba.

Habari zikaenea kwamba Kokwijuka ana kundi kubwa kuliko yote Bukoba. Jirani yake Lwakatare alikuja na kikapu kuomba samadi ya kibanja chake cha migomba. Alipoonyeshwa chupa aliona anafichwa, akaacha kumsalimu kanisani Jumapili mbili.

Wiki ya tatu akafika Datius, bwana mifugo kijana kutoka Muleba, kwa baiskeli, akiwa na kamba, ndoo na barua ya ofisi ya mifugo iliyomwamuru asiondoke mpaka mifugo yote izae. Alizitazama chupa kwa muda mrefu.

"Ma, hawa nitawafunga wapi?"

Kokwijuka alimwambia hapakuwa na haja, arudi tu Muleba. Datius alisema barua ni barua. Akapanga chumba kwa Lwakatare, na kila asubuhi akawa anachemsha maji ya kuzalishia kama alivyofundishwa, kisha anaketi barazani mikono ya shati ikiwa imekunjwa. Maji yalipopoa, Kokwijuka aliyatumia kuoshea vyombo. Alimhurumia, akampikia ndizi za ebitoke na maharage, naye akaanza kumsaidia kugeuza chupa.

Siku ya tisa Datius aliomba kuchungulia katika hadubini ya Bwana. Kokwijuka akamwekea tone. Datius akamwona mmoja, mrefu kidogo, amebonyea katikati. Alimtazama mpaka shingo ikamuuma. Mwishowe yule mmoja akawa wawili, na kila mmoja akashika njia yake.

Datius akavua kofia. "Wamezaa, Ma."

"Wanazaa kila siku, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unachemsha maji."

Aliandika taarifa yake palepale, kwa mwandiko mzuri: Uzazi umekwenda salama. Mtoto ana ukubwa sawa na mama, nami nimeshindwa kutambua mama ni yupi. Kamba hazikutumika. Ofisi ikajibu kwa pongezi na jiwe la chumvi la kulambwa na ng'ombe.

Bwana Pembridge aliporudi alisomewa barua zote. Hakucheka. Aliomba kiti. Mwezi uliofuata alizipakia chupa melini, akazipeleka Entebbe, ambako alikuwa amepata maabara.

Asubuhi iliyofuata Kokwijuka aliamka kama kawaida, akaenda barazani na kitambaa chake. Sakafuni, pale chupa zilipokuwa, kulikuwa na duara kumi na mbili zilizopauka. Alisimama hapo mpaka jua likafika ukutani, kisha akaanika maharage papo hapo.