Ua wa Mianzi

Ua wa nyumba yetu ya Mbeya ulikuwa wa mianzi, mrefu kupita kichwa cha mtu mzima. Baba aliusimamisha mwenyewe kwa mianzi iliyokuja na lori kutoka Iringa, kwa wakwe zake, maana alisema matete ya huku yanaoza upesi. Asubuhi za baridi, ukungu ukiteremka kutoka mlima Loleza, mianzi ile ilichuruzika maji. Jua likishatoka tuliiegemea kwa ndani, mimi na wadogo zangu watatu, tukila viazi vya kuchemsha huku migongo ikipata joto. Sijawahi kuota jua tamu kama lile.

Baba alitangulia kufa, kisha mama. Mimi ndiye mkubwa, msichana, na shule niliiachia darasa la tano nikaenda kushona vifungo kwenye baraza la fundi cherehani. Ndugu walikuwa wameshatugawana. Mdogo wangu wa kiume angekwenda Chimala kwa baba mdogo, wasichana wawili Iringa kwa mama mdogo, na mimi niozwe. Shangazi yetu, dada yake baba, alikataa. Alihamia kwetu na mumewe, aliyekuwa akiendesha lori la mizigo kwenda Makongolosi, akawaambia wenzake kwamba kama ni njaa, watoto hawa itawala pamoja katika nyumba moja. Mwaka uliofuata mumewe akashikwa na homa, akafia chumbani kwetu. Shangazi akavaa nyeupe, akaingia eda mle mle ndani.

Wakati huo barabara yetu ilikuwa inapanuliwa. Siku moja bwana afya alipita na askari, akabandika ilani kila nyumba: ua wowote unaotazama barabara usizidi kifua cha mtu, na uliozidi ukatwe. Wenye ua wa minyaa walichukua mapanga, wakakata siku hiyo hiyo. Sisi hatukuweza. Jiko, choo na bafu vyote vilikuwa uani, na mjane aliye kwenye eda haonekani na wanaume wapita njia. Nilijaribu kutundika kanga juu ya kamba nione kama zingetosha. Upepo wa mwezi wa nane ulizibeba zote mpaka kwenye mtaro.

Shangazi aliniita, akazungumza bila kuinua sauti.

"Mwanangu, ua ukianguka sitakaa hapa. Nitamalizia eda Ipogolo kwa wakwe zangu. Na nikishatoka, baba yenu mdogo atakuja na lori kuwachukua."

Nilijifunga kanga, nikaenda bomani.

Mzungu aliyeshughulika na viwanja alizungumza Kiswahili safi kuliko chetu, kile cha kitabuni, kila neno mahali pake. Sisi tulichanganya na Kihehe cha mama na Kisafwa cha sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema sheria inaruhusu nyumba moja ipewe ruhusa ya pekee, ikiwa ina sababu, na ikiwa jirani hana pingamizi. Atakuja mwenyewe aone ua na kumuuliza jirani.

Nilirudi nikiwa mwepesi. Jirani yetu alikuwa fundi seremala, Mngoni kutoka Songea, na mama yetu alikuwa Mhehe. Kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Siku ya kumzika mama aliingia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Ndugu wa upande wa baba walishtuka, lakini wajomba waliotoka Iringa walicheka huku machozi yakiwatoka, wakampa jogoo, na jembe la kwanza la udongo alilitupa yeye. Mtu kama huyo nilimhesabu upande wetu. Hata sikwenda kumweleza.

Mzungu alikuja mchana, akatembea nje ya ua akiupima kwa macho. Fundi alitoka karakana yake, vumbi la mbao kichwani, watu wakaanza kusogea.

"Je, wewe una pingamizi lolote juu ya ua huu?" mzungu akamuuliza.

"Ninalo kubwa, bwana," akasema fundi, uso mkavu. "Hawa ni watumwa wangu. Babu yangu aliwateka vitani. Umeona wapi mtumwa anajenga ua mrefu kuliko wa bwana wake? Ung'oeni wote, na mianzi mnipe mimi."

Watu walicheka. Nami, kwa malezi ya mama, nisingeweza kunyamaza. Mtu akitaniwa akanyamaza, amekasirika, na kumkasirikia mtani ni aibu.

"Babu yako yupi?" nikamjibu. "Yule aliyekimbizwa na babu zangu mpaka akasahau mke njiani? Rudi ukamtafute bibi yako kwanza."

Fundi alifurahi mpaka akapiga paja. Mzungu hakucheka. Aliandika kidogo, akafunga karatasi zake, akasema ameona kwamba baina ya nyumba hizi mbili kuna uadui wa zamani, na pingamizi la jirani limesikika. Ruhusa haiwezekani. Akapanda gari lake. Kicheko kiliisha mtaa mzima.

Nyuma ya mianzi shangazi alikuwa amesikia yote. Nilipoingia nilimkuta akikunja nguo za mumewe, akizitia sandukuni.

Nilikwenda karakana. Fundi alikuwa bado anacheka peke yake, akaanza tena habari ya bibi yake. Nikamwambia mzungu ameandika kuwa anatupinga, na shangazi anafunga mizigo. Aliweka randa chini. Akaniuliza baraza la mji linakaa lini. Sikuwahi kumsikia akiniuliza jambo lolote bila matusi, na hilo lilinitisha kuliko maneno ya mzungu.

Siku ya baraza alivaa koti. Tulingoja nje pamoja na watu wa kesi za vibanda na mbwa. Zamu yetu ilipofika, akasimama akasema hana pingamizi, hajawahi kuwa nalo, yale yalikuwa utani. Mzungu alimtazama kwa subira ya mwalimu.

"Ulisema mbele yangu ung'olewe wote. Sasa wasema ubaki. Nitajuaje lini unasema kweli?"

"Ukitaka kweli kwangu, bwana, niulize habari za mtu mwingine yeyote," fundi akasema. "Huyu ni mtani wangu. Mama yake nililala kaburini mwake. Ningemwambia neno zuri mbele za watu, angedhani nimemchukia."

Wazee wa baraza, kila mmoja na kabila lake, waliangua kicheko, na mmoja wao, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, akachukua kazi ya kumfafanulia mzungu. Alifafanua kwa muda mrefu. Mwishowe mzungu akaandika upya: ua ubaki kama ulivyo mpaka eda iishe, kisha ukatwe usawa wa kifua.

Ukakatwa kweli. Shangazi alipotoka eda, fundi alikuja na msumeno akaukata kwa mstari ulionyooka, akidai kila kipande ni kodi ya mateka. Tulibaki na ua mfupi ambao ng'ombe wa Wasafwa walichungulia ndani wakipita.

Baba mdogo alifika wiki ile ile na lori la mpunga, nafasi ikiwa imeachwa nyuma. Shangazi alisimama kwenye ua akiwa amevaa kanga ya rangi, barabara nzima ikimwona. Hakufungua mlango mara moja.

"Shuka unywe chai," akamwambia. "Watoto wako shule, na mkubwa yuko kazini. Hapa hakuna wa kupakiwa."

Alikunywa chai vikombe viwili, akatuachia gunia la mpunga, akaondoka. Sisi tuliishi pale sote, mpaka kila mmoja alipotoka kwa harusi yake mwenyewe.