Nilivyofunga ringi za lori kwenye gari la dizeli la sajini, Bukoto ya miaka ya sabini

Wakuu, salaam kwenu wote, wazee kwa vijana.

Nimesoma nyuzi zenu za kufungua injini nyumbani, nikacheka kidogo. Ngoja niwape ya kwangu. Sitii chumvi, mikono iliyofanya ndiyo inayoandika.

Ni Kampala, wanajeshi wanatawala. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, maduka ya spea yamebaki rafu tupu. Mimi fundi kijana, Mswahili wa mjini, nafanyia kazi uani kwetu Bukoto.

Jirani yetu alikuwa sajini kutoka kaskazini. Wenzake wa kwao walikuwa wanaitwa kambini mmoja mmoja, hawarudi. Akaacha kulala nyumbani.

Aliyekuja kwangu ni mkewe, Mama Akello. Gari lao la dizeli lilikuwa limechoka: moshi mtupu, haliwaki mpaka lisukumwe.

"Fundi, hii gari si ya kutembea," akaniambia. "Ni ya kutoa watoto. Jumamosi tunaenda Kenya."

Siku hiyo ni Jumatano.

Niliogopa, sitadanganya. Ukijulikana umemsaidia mtu kama huyo, umekwisha. Lakini watoto wake walikuwa wakifuturu kwetu kila Ramadhani. Ningemwambiaje hapana?

Silinda zilikuwa zimelika, na ringi mpya, zile pete za chuma zinazovikwa pistoni, hakuna mji mzima. Nikapata za lori bovu, kubwa kidogo. Hapo unachukua tupa, unapunguza ncha mpaka ringi iingie kwenye silinda na kubaki na mwanya mdogo kati ya ncha zake mbili.

Mwanya nikaupima sehemu ya juu ya silinda, maana ndipo jicho linapofika. Nikaona safi. Nikajisifu hata mbele ya Mama Akello, aliyekuwa anaosha vyuma kwenye sufuria ya mafuta ya taa.

(Mafundi mmeshaona kosa langu. Nyamazeni kwanza.)

Ijumaa baada ya swala nikafunga pistoni ya kwanza, nikazungusha injini kwa spana. Pistoni ikiwa juu laini, ikishuka chini inakaza. Nikasema ringi bado hazijazoeana na silinda, itajilegeza barabarani.

Mama Akello akaacha kuosha. "Mbona juu inakubali, chini inakataa? Weka ringi huko chini tuone."

Nilikasirika. Fundi ni nani hapa? Lakini nikaitoa, nikaisukuma ringi hadi chini.

Mwanya hakuna. Ncha zimegusana.

Silinda iliyochakaa hulika zaidi juu, chini inabaki nyembamba. Injini ingepata moto tu, ringi zingetanuka, ingeganda njiani, na watoto wamo ndani.

Niliona aibu kubwa. Tukapunguza ringi zote upya, yeye anashika, mimi napiga tupa.

Jumamosi asubuhi gari likawaka. Moshi kidogo, lakini linavuta. Sajini akatokea amevaa kanzu ya marehemu baba yangu, mama yangu ndiye aliyempa. Akanishika mkono, wakaondoka.

Jumapili wanajeshi wakavunja mlango wao. Wakaniuliza, nikasema mimi sijui kitu.

Miezi ikapita bila habari. Halafu dereva mmoja wa lori kutoka Kenya akaniletea kifurushi. Hakina barua wala jina.

Ndani mlikuwa na seti mpya ya ringi, saizi ya gari lile.

Nilikaa chini pale uani nikalia.

Somo langu: mwanya wa ringi upime chini. Na anayekuoshea vyuma, msikilize.

Nani mwingine alishawahi kukosolewa na asiye fundi akanyooka? Mwaga hapa, nipo nasoma.