Vitanda vya Ghorofa ya Juu

Matroni wa bweni la wasichana nilimjua kabla hajaitwa Matroni. Tulianza kufagia pamoja chuoni, tukichangia ndoo. Yeye alikuwa amesoma kidogo, akapandishwa. Mimi hata jina langu sijui kuliandika, nikabaki na ndoo. Sikumwonea wivu. Alipojifungua nilimfulia nepi, na binti yangu alikua akimwita mama mdogo.

"Huyu akifaulu kuingia hapa," alizoea kuniambia, "kitanda chake niachie mimi."

Binti akafaulu. Chuo chetu ndicho cha kwanza nchini, kila mtu anaimba hivyo. Lakini mwaka ule wakubwa walirudi kutoka mikutanoni wamenuna: kwenye orodha ya vyuo vya dunia tulikuwa mkiani, eti hatuna wanafunzi wa kutoka nchi za nje. Basi ghorofa yote ya juu ya bweni ikatengwa kwa ajili ya wageni; za chini zikajaa, binti akakosa kitanda. Ikapakwa rangi, ikatundikwa mapazia. Wageni wenyewe hawakuja. Kazi yangu ikawa kupangusa vitanda visivyolaliwa, na jioni kuwasha taa ili paonekane pana watu.

Kwetu ni nje kabisa ya mji. Binti alikuwa akifika darasani wenzake wanatoka, akaanza kusema ataacha masomo. Nikamwendea Matroni.

Alitazama huku na huku, akanitia mkononi ufunguo wa chumba kimoja cha juu. "Mwingize, shoga. Mdomo tu uufunge."

Nikaufunga. Mwanangu akanawiri, akacheka tena.

Siku moja wakaguzi wa hiyo orodha wakaja bila taarifa, pamoja na mkuu wa chuo. Matroni mbele, anatembea kama bibi harusi; mimi nyuma na kitambaa changu. Kufungua mlango, binti yangu huyo, kitabu mapajani. Mkaguzi mmoja aliyejua lugha yetu akafurahi.

"Ahaa! Na wewe umetoka nchi gani?"

"Hapa hapa," akajibu mtoto wangu, hajui kudanganya. "Mama yangu ndiye yule."

Mkuu wa chuo akamgeukia Matroni. "Kaingiaje huyu?"

Nilimwangalia shoga yangu. Angesema alituonea huruma, yangeisha kwa karipio.

"Mheshimiwa, hawa wafagiaji ndivyo walivyo. Ameniibia ufunguo."

"Mama mdogo, si wewe ulitupa?" binti akamwuliza.

"Mama mdogo wako nani? Toka!"

Nikafukuzwa kazi papo hapo. Matroni akatufuata hadi getini, binti kabeba godoro lake kichwani.

"Nina watoto, shoga. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningesema kweli."

"Ndiyo maana umezeekea kwenye ufagio."

Binti alitangulia bila kumuaga. Njiani akaniambia amechoka, kesho haendi darasani. Nikamwambia sawa mwanangu, pumzika kesho tu. Mwaka umekwisha, bado anapumzika.